Hina ya Mkono wa Mfiwa

Mbona tunaweza kuupenda uzuri uliotoka kwa mtu, tukauvaa mwilini na kuringa nao mbele za wenzetu, huku mtu mwenyewe hatutaki atuguse? Swali hili ninalo tangu miaka ya hamsini, nilipokuwa mwalimu kijana wa shule ya wasichana na mpangaji wa chumba kimoja Kariakoo. Nilikwenda nalo hadi chuo kikuu, ambako niliingia nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikidhani wasomi watanijibu. Walinipa istilahi nyingi nzuri, na nyingine ninazitumia hadi leo. Jibu sijalipata. Nimefika umri ambao mtu huacha kulisaka jibu, akaona afadhali asimulie jinsi swali lilivyomjia.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ujia, na nyuma yake ua wenye jiko, choo na mpapai mmoja usiozaa. Mama mwenye nyumba alikuwa Mzaramo, mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa pili. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache, pengine kwa sababu hakubakiziwa. Katika chumba cha mbele, kilichotazamana na changu, alikaa fundi wa hina pamoja na mumewe, ambaye alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni. Hawakuwa na mtoto.

Mimi nilikuwa Mkristo niliyetoka Kilimanjaro. Uani waliniita Mwalimu, na jina hilo lilikuwa heshima na ukuta kwa pamoja. Nikipika mchuzi wa nyama, hakuna aliyeonja, kwa kuwa hawakujua nani amechinja. Nami sikuuliza, nilifunika sufuria yangu na kula peke yangu. Nyumbani nilikuwa nimeonywa nisiwazoee mno watu wa pwani. Wao nadhani walikuwa wameonywa wasituzoee mno watu wa bara. Tuliishi hivyo kwa adabu kubwa, tukipeana salamu ndefu na kufunga milango.

Aliyeufungua mlango wangu alikuwa fundi. Ilikuwa siku ya kuamkia Idi, naye alikuwa amekaa mkekani uani, wanawake wamemzunguka wakiwa wamenyoosha mikono na miguu kama watu wanaoota moto. Nilisimama kwenye kizingiti nikitazama. Alishika kijiti cha chelewa, kile cha kwenye ufagio, akakichovya kwenye bakuli, na mstari ukatoka chini ya mkono wake bila kusita, mwembamba, mpaka ukajikunja na kuwa jani.

"Keti, Mwalimu," alisema bila kuinua kichwa. "Hina haiumi, wala haimsilimishi mtu."

Wanawake walicheka, nami nikacheka, nikaketi. Alinipaka ncha za vidole tu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa desturi yao kwa msichana ambaye hajaolewa. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa na mahali pangu mkekani. Nilijifunza kununua nyama kwa muuzaji wa Kiislamu, na mchuzi wangu ukaanza kuonjwa, kisha kusemwa kwamba hauna nazi ya kutosha, na kusemwa kwenyewe kulikuwa ukaribisho.

Michoro ya fundi ilikuwa na sifa hadi Gerezani na Ilala. Zamani, aliniambia, watu wa mtaa wetu walizamisha tu viganja na nyayo katika hina mpaka zikawa nyekundu. Michoro ile myembamba aliipata ng'ambo ya barabara, kwenye duka la Mhindi lililouza sukari, mafuta ya taa, nyuzi na kila kitu. Nyuma ya mizani alikaa mama wa mwenye duka, bibi mkongwe mwenye sari nyeupe, ambaye sisi sote tulimwita Bibi wa Dukani. Fundi alikwenda kununua sukari, na Bibi akamwaga unga kidogo juu ya meza, akausawazisha kwa kiganja, akachora kwa kidole: embe lenye mkia uliojikunja, ndege anayetazama nyuma, mnyororo wa vitone. Fundi alitazama, akafuta, akachora yeye. Bibi alitikisa kichwa, akafuta, akarudia. Kiswahili cha bibi yule kilikuwa haba, na fundi hakujua Kigujarati hata neno moja la kuombea maji. Wateja walisubiri. Mwenye duka alilalamika kuhusu unga wake, lakini kwa sauti ya mtu asiyetegemea kusikilizwa na mama yake.

Ikumbukwe kwamba mji wa siku zile ulikuwa umegawanywa: Uzunguni, Uhindini, na sisi upande wetu wa Mnazi Mmoja. Mwafrika na Mhindi walikutana mezani pa duka, mmoja akipima, mwingine akilipa. Sikuwahi kumwona mtu wa nyumba yetu akialikwa kuketi ndani ya nyumba ile, wala wao kwetu. Hata hivyo, bibi harusi wote wa mtaa wetu walitembea na maembe na ndege wa Bibi wa Dukani mikononi mwao. Binti wa mama mwenye nyumba aliolewa akiwa na ndege wawili kila mkono, na picha yake ilitundikwa ujiani ili kila anayeingia amwone.

Kisha mume wa fundi akaugua homa, akafa.

Fundi alikaa eda ndani ya chumba chake, amevaa kaniki, hana wanja wala manukato. Tulimpelekea chakula kwa zamu. Eda ilipokwisha alioshwa, akavalishwa nguo mpya, akatoka uani na kutandika mkeka wake pale pale pa zamani. Hakuja mtu. Harusi zilikuwapo, tulisikia ngoma zake, lakini hina ilikuwa ikipakwa na mafundi wengine. Hakuna aliyemwambia neno baya. Walimsalimu, wakamuuliza hali, wakapita. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba, alinivuta jikoni.

"Mwanangu, mkono wa mfiwa haumpambi mwali. Utamtia kisirani."

"Lakini eda imekwisha, mama."

"Eda ni ya sheria. Hili ni la watu."

Nilikuwa mwalimu, nilifundisha watoto kwamba malaria inaletwa na mbu na si na jicho la jirani. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimechumbiwa, na anayekaribia kuolewa husikiliza mambo ambayo wengine huyacheka.

Mchumba wangu alikuwa karani wa reli, Mkristo wa kutoka Songea. Harusi ilipangwa kuwa Jumamosi, kanisani. Mama mwenye nyumba aliichukua harusi yangu kana kwamba ni yake. Aliamua nani atachinja ili nyumba nzima ipate kula, nani ataimba, na akamwagiza fundi wa hina kutoka Ilala aje Alhamisi. Katika wiki hiyo hiyo tulisikia kwamba kaka wa fundi wetu angekuja, Alhamisi vilevile, kumchukua arudi Kisarawe akalime muhogo. Alikuwa amekubali. Mji usioutaka mkono wake ulikuwa hauna cha kumfanyia, na alijua kwamba akishika jembe msimu mmoja, kijiti cha chelewa hakitarudi tena kati ya vidole vile.

Mama yangu alifika Jumatatu kwa basi, amejaa vumbi la safari, amebeba mkungu wa ndizi na vibuyu viwili vilivyofungwa kwa khanga. Kabla ya kunywa maji alikuwa amekwishasikia habari ya hina.

"Utaingia kanisani na mikono hiyo?" aliuliza. "Mchungaji atakufungisha ndoa au atakusoma?"

"Ni pambo tu, mama."

"Kwetu bibi harusi hachorwi."

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya anachambua mchele, alidakia: "Na kwetu bibi harusi asiyechorwa ni kama mgonjwa aliyetolewa hospitali. Dada yangu, huyu ameishi kwangu. Nusu ni wako, nusu ni wangu."

"Basi chora nusu yako," alisema mama yangu, na wote wawili walicheka, lakini hakuna aliyelegea.

Nyumba ya msiba, hata msiba ukiwa wa zamani, mgeni hapiti bila kutoa pole. Mama yangu hakuhitaji kuambiwa hilo na mtu yeyote. Kesho yake asubuhi alichukua chane moja ya ndizi na kibuyu kimoja, kwa kuwa kwa mfiwa huendi mikono mitupu, akabisha hodi kwa fundi. Mimi nilimfuata.

"Pole na msiba, mama. Nimechelewa, lakini mlima uko mbali."

"Nimekwishapoa. Karibu, starehe."

Walikaa. Waliongea habari za safari, za mvua, za bei ya vitu. Kisha fundi alikichukua kibuyu mapajani. Kilikuwa na nakshi nyeusi kuzunguka shingo, mistari iliyopinda na kukutana.

"Hii kaifanya nani?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Chuma cha moto. Nachoma polepole."

"Na ukikosea?"

"Ukikosea umekosea. Kibuyu hakifutiki."

"Kama hina," alisema fundi. Alifuata mstari kwa ukucha, akafika mahali fulani, akasimama. "Hapa mkono ulikutetemeka."

Mama yangu aliinama akatazama. "Mtoto alilia," alisema. Akanielekezea kidole. "Huyu."

Fundi alicheka. Tangu mumewe azikwe sikuwa nimesikia kicheko chake, na hata yeye nadhani kilimshtua, maana alifunika mdomo kwa upande wa khanga. Waliendelea kuzungumza, mmoja akieleza jinsi ya kuchagua kibuyu kisicho na ufa, mwingine jinsi ya kujua hina iliyochanganywa na majani mengine. Nilikaa nikisikiliza. Miaka mingi baadaye, katika ukumbi wa mihadhara, nilimsikia mhadhiri akisema kwamba sanaa huunganisha jamii, nikamwamini kabisa, ingawa alivyolisema lilionekana jambo kubwa na la mbali, si wanawake wawili kwenye chumba chenye joto wakibishana juu ya kibuyu.

Tulipotoka mama yangu alisema, "Mwanamke yule ana mkono."

"Kwa hiyo umekubali nichorwe?"

"Nimesema ana mkono. Sijasema mwanangu ni kibuyu."

Jumatano jioni mama mwenye nyumba alikwenda dukani kununua hina, kwa sababu ilipaswa kulowekwa usiku huo. Tulikwenda naye, mimi na mama yangu. Bibi wa Dukani alikuwa nyuma ya mizani yake, na mwanawe, mtu mzima mwenye upara, alikuwa akipanga viberiti rafuni.

"Bibi, nipimie hina," alisema mama mwenye nyumba. "Nzuri, si ile iliyonitia aibu mwaka jana."

"Nani naolewa?"

"Huyu Mwalimu wetu."

"Ah! Vizuri." Bibi alinitazama kwa furaha, kisha akaonyesha nyumba yetu kwa kidevu. "Rafiki yangu nachora?"

Mama mwenye nyumba alishusha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Hapana, Bibi. Anakuja mwingine wa Ilala. Yule si unajua, amefiwa na mume. Mkono wa mfiwa si mzuri kwa bibi harusi. Ni mila."

Bibi aliweka upawa wake chini. Alishika pindo la sari yake, akalinyoosha juu ya meza.

"Hii nguo nyeupe, wewe nafikiri nini?"

"Si nguo ya wazee wa kwenu?"

Na kweli, sote tulifikiri hivyo. Tulimwona kila siku na nguo ile nyeupe, tukadhani kwao mtu akizeeka huvaa hivyo.

"Ya mjane," alisema Bibi. "Bwana yangu alikufa, huyu bado nanyonya." Alimwonyesha mwanawe mwenye upara. "Tangu siku ile, kwetu, mimi hapana chora bibi harusi. Hapana kaa karibu. Watu naogopa. Mila." Alilitamka neno hilo kama lilivyotamkwa na mama mwenye nyumba. "Basi, nachora kwa unga. Unga haiogopi."

Mwanawe aliendelea kupanga viberiti ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangika.

"Ile embe iko yangu," alisema Bibi, sasa kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Ile ndege iko yangu. Binti yako, ile picha, alivaa mkono yangu."

"Astaghfirullahi," alisema mama mwenye nyumba. Kisha, kwa sauti ndogo ya mtu anayehesabu moyoni: "Na ana watoto watatu yule. Tena wanene."

"Basi," alisema Bibi, akachukua upawa, akapima hina.

Laiti ningeweza kuandika kwamba tulirudi nyumbani tumebadilika. Mama mwenye nyumba alitembea hadi mlangoni, akageuka, akasema, "Unga ni unga. Mkono ni mkono." Aliingia jikoni, akachuja hina, akakamua ndimu kwa nguvu isiyohitajika. Baadaye alikuja kukaa kando yangu kitandani. Hakunikataza. Alinieleza tu, kwa sauti ya mama, yale yatakayonipata.

"Mwanangu, fikiri. Ukichorwa na yule, lolote litakalokufika, mimba ikiharibika, mume akiugua, hata jino likikuuma, watasema ni hina ile. Na wewe mwenyewe utasema, usiku ukiwa macho. Utaweza?"

Sikujua kama nitaweza. Nilimwambia hivyo.

"Na yeye pia," aliongeza. "Likitokea la kutokea, hata huko Kisarawe watamfuata nalo."

Hili la pili lilinichoma zaidi, kwa maana lilikuwa kweli. Nikienda kwake, nitakuwa nimemtwisha ndoa yangu nzima. Nisipoenda, kesho kaka yake atamfungia mkeka, na kazi ile aliyoijenga kwenye unga wa dukani itaishia hapo.

Mama yangu alikuwa akifumua nywele zangu.

"Mimi hina siipendi," alianza. "Usinielewe vibaya. Lakini kama lazima mtu akushike mikono kabla ya kanisa, basi na awe mtu uliyempelekea chakula, na si wa kuitwa kutoka Ilala. Hayo ndiyo niliyo nayo." Alivuta nywele, nikashtuka. "Mimi nilipoolewa niliamuliwa kila kitu, hata siku. Wewe umesoma. Mwenye mikono ni wewe."

Niliwaambia wote wawili kwamba nitakwenda kwa fundi asubuhi. Mama mwenye nyumba alivuta pumzi, akasema kwamba basi itabidi amtume mtu Ilala alfajiri, amwambie yule fundi asijisumbue. Akainuka kwenda kufunika bakuli.

Asubuhi ya Alhamisi nilivuka ujia. Mlango wa fundi ulikuwa wazi. Mkeka ulikuwa umekwisha kukunjwa na kufungwa kamba, vyombo vimo ndani ya kikapu, na kibuyu cha mama yangu kimewekwa juu kabisa, kimezungushiwa nguo kisivunjike.

"Nimekuja kuchorwa," nilisema.

Aliendelea kufunga kikapu. "Mama mwenye nyumba anajua?"

"Anajua."

"Na mama yako?"

"Yuko nyuma yangu."

Alinigeukia. "Mwalimu, usinionee huruma. Huruma haishiki mkononi. Siku ya tatu itabanduka."

"Si huruma. Nataka ndege, na fundi wa Ilala hajui ndege."

Alinitazama. Alikuwa akipima, nadhani, yale yale aliyonieleza mama mwenye nyumba usiku, na kwake yeye mzigo ulikuwa mzito kuliko kwangu. Kisha pembe ya mdomo wake ikacheza.

"Hajui," alikiri. "Anachora kuku."

Alifungua kamba ya mkeka, akautandika. Mama yangu aliingia, akaketi ukutani. Mama mwenye nyumba alikuja na bakuli la hina, akaliweka chini bila kumtazama mtu usoni. "Imelowa usiku kucha," alisema. "Isipotumika itaharibika." Hakutoka. Alijishusha polepole mpaka akakaa kwenye kizingiti, akauziba mlango mzima.

Fundi alinawa mikono. Alivunja chelewa kutoka kwenye ufagio, akaichonga ncha kwa meno, akaijaribu juu ya ngozi yake mwenyewe, akafuta. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, akaulaza pajani mwake, na mstari wa kwanza ukashuka kwenye kifundo, baridi.

Alikuwa amefika kwenye bawa la ndege wa kwanza kaka yake alipobisha hodi barazani. Tulimsikia akisalimu, akiuliza kama mzigo uko tayari. Mama mwenye nyumba aligeuza kichwa, akasubiri.

"Mwambieni anywe chai," alisema fundi, macho yakiwa kwenye mkono wangu. "Nina kazi."

Akauinua mkono, akapuliza hina kidogo ikauke, akaanza mkia.